Mafumbo ya sataranji ya Lichess: ni bure, lakini yanataka utulivu

Anayetaka kupanda kiwango cha sataranji na hana mwalimu, aanze na mafumbo ya Lichess, yaani hali za mchezo ambazo unatakiwa kuitafuta hatua bora. Tovuti hii ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na mafumbo yake hayana kikomo. Chess.com nayo ina mafumbo mazuri, ila akaunti yake ya bure imewekewa idadi kwa siku, na anayejifunza kwa dhati huimaliza mapema.

Mafumbo ya Lichess yamepita milioni 5. Yametolewa katika michezo iliyochezwa humo humo na kuchujwa na Stockfish, programu ya kuchambua sataranji, ndiyo maana yanafanana na yanayotokea mezani: kete iliyoachwa bila mlinzi, mfalme aliyebanwa na askari wake mwenyewe. Kila fumbo huanza kwa hatua ya mpinzani, na mara nyingi kosa limo kwenye hatua hiyo hiyo. Itazame kwanza. Imefungua mstari gani? Imeacha nini wazi? Wengi hukimbilia cheki (hatua inayomtishia mfalme) ya kwanza wanayoiona, na hapo ndipo alama zinapopotea.

Chukua mfano huu, upange kwenye ubao (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo). Mweusi: mfalme h8, askari g7 na h7, ngome a8, malkia b2. Mweupe: mfalme g1, malkia c4, farasi g5, askari f2, g2 na h2. Zamu ni ya mweupe. Mwenye haraka ataona kwamba malkia akienda g8 na ngome ikamla, farasi anaruka f7 na mfalme hana pa kutokea. Wazo ni sahihi, mpangilio ndio mbovu: farasi wa g5 hailindi g8, kwa hiyo mfalme mwenyewe anamla malkia na mchezo umekwisha upande wako. Farasi lazima afike h6 kwanza. Basi farasi f7 cheki, mfalme g8. Farasi h6, cheki ya kete mbili kwa pamoja, na askari wa g7 hawezi kumla kwa sababu malkia naye anapiga cheki. Mfalme akienda f8, malkia anamaliza f7. Akirudi h8, sasa ndiyo malkia g8, ngome haina budi kula, farasi f7, mati: mfalme ametishiwa na hana pa kwenda. Fumbo la aina hii likifanywa kwa kubahatisha halifundishi kitu. Likihesabiwa mpaka mwisho kabla ya kugusa kete, linakaa kichwani.

Katika mipangilio, zima kitufe cha kuruka moja kwa moja kwenye fumbo linalofuata, ili upate muda wa kutazama ulichokosa na kuuliza Stockfish kwa nini hatua yako haikufaa. Ugumu una ngazi 5. Anayeanza aweke ngazi ya chini ya ile ya kawaida, yenye mafumbo ya alama 300 pungufu ya kiwango chake, mpaka apatie kama manane katika kila 10. Mafumbo 10 hadi 15 kwa siku yanatosha. Hesabu kwa utaratibu ule ule kila mara: cheki zote, kisha kula kote, kisha vitisho. Dashibodi itakuonesha mada unazokosea, na itakuruhusu kuyarudia mafumbo uliyoshindwa. Hii ndiyo sehemu bora ya huduma nzima, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Mafumbo ya mada moja, kama vile kubana kete au kumtoa mlinzi mahali pake, yanafaa kwa wiki ya kwanza ya kujifunza mada hiyo. Baada ya hapo rudi kwenye mchanganyiko, kwa sababu jina la mada tayari limekupa nusu ya jibu. Udhaifu mkubwa uko hapo hapo: fumbo linakwambia kwamba kuna kitu. Mchezoni hakuna anayekwambia. Mchezaji wa mafumbo matupu huanza kutoa malkia kafara mahali ambapo hatua ya kawaida ingetosha. Dawa ni kucheza michezo mirefu, dakika 15 au zaidi kwa kila mchezaji, kisha kutafuta mafumbo yaliyotokana na michezo yako mwenyewe. Lichess inayatafuta kwa jina la mchezaji.

Storm, mbio za mafumbo za Lichess za dakika 3 ambazo kila kosa linakukata sekunde 10, inafurahisha vijana na inanoa jicho kwa mambo mepesi. Usiifanye kuwa mazoezi makuu. Inafundisha kukimbia kabla ya kuhesabu.

Kwa walimu wa skuli wenye vilabu vya sataranji: simu moja na ubao mmoja vinatosha kundi zima. Soma fumbo kwenye simu, lipange ubaoni, kila mtoto aandike jibu lake lote, na majibu yote yasikilizwe kabla ya kulijaribu kwenye programu. Ubao wa kweli ni muhimu, maana jicho lililozoea kioo peke yake hupotea mezani.

Na kwa wanaosafiri: programu ya simu hupakua fungu la mafumbo mapema na kuyaonesha hata bila intaneti. Anayevuka kwenda Pemba afungue ukurasa wa mafumbo angali bandari ya Malindi, Unguja, bando likiwa hai, kwa sababu katikati ya bahari mtandao hukatika, na fungu lisiloshuka mapema halitashuka tena mpaka bandari ya Mkoani, Pemba.