Kopo la kupimia vitu vidogo: nyota 3 kati ya 5

Ni kopo la plastiki angavu la kujua kama kitu kinaweza kumpalia mtoto, mdomo wake una kipenyo cha milimita 31.7. Kitako kimekatwa mshazari, hivyo kina ni milimita 25.4 upande mmoja na 57.1 upande wa pili, kukadiria koo lililopanuka la mtoto wa chini ya miaka 3. Tumbukiza kitu bila kukikandamiza, kigeuze kila upande. Kikizama chote, mtoto asikiguse.

Kwa vifungo, sarafu na vipande vya midoli, linatosha. Kwa mipira halifai: mpira wa milimita 40 hauingii, na bado unaziba koo. Lile bomba la boksi linalobaki karatasi za chooni zikiisha, lenye upana wa sentimita 4 hivi, ni kipimo kikali zaidi na ni bure.

Nyota 2 zimepotea kwa sababu kopo linapima kupaliwa, halipimi kumeza. Rimoti haiingii humo, ilhali ndani yake mna betri bapa ya duara. Aina ya CR2032 ina upana wa milimita 20. Ikinasa kwenye umio (njia ya chakula kwenda tumboni), umeme wake huzalisha alikali, kemikali inayounguza, upande wa hasi na kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata isipovuja. Dalili huwa ndogo mno: mate yanachuruzika, mtoto anakataa chakula. Kwa hiyo kagua vifuniko vya betri. Kisichofungwa kwa skrubu, ondoa kifaa hicho nyumbani. Sumaku zikimezwa mbili huvutana na kubana utumbo katikati hadi utoboke.

Ukishuku betri, mkimbize hospitali akapigwe eksrei, usimtapishe. Aliyezidi miezi 12, anayeweza kumeza, na zisizozidi saa 12 tangu ameze, mpe njiani mililita 10 za asali kila dakika 10, mwisho mara 6. Asali hupunguza kuungua tu. Usichelewe kwa kuitafuta.

Kopo pia haliulizi kwa nini mtoto anameza. Wa mwaka mmoja huijua dunia kwa mdomo, hilo ni la kawaida. Aliyevuka miaka 2 na anakula udongo, nywele au karatasi kwa mwezi mzima, apimwe damu kwanza: mara nyingi madini ya chuma yamepungua. Daktari aangalie pia ukuaji wake, usonji ukiwemo, na sumu ya madini ya risasi.