Kisu cha porini cha kuagiza kwa fundi, bapa la Dameski: uzoefu wangu

Nimekitumia kisu hiki kupasulia kuni, kuchongea vigingi na kuandalia chakula kambini. Bapa lina urefu wa sentimita 11, mgongo una unene wa milimita 4, na chuma kimepita kizima hadi mwisho wa mpini. Mpini ni wa Micarta (matabaka ya kitambaa yaliyogandishwa kwa plastiki ngumu), umeshikwa kwa gundi ya epoksi na pini mbili za shaba.

Kwanza mawimbi, yaani mistari ya Dameski ubavuni mwa bapa, maana ndiyo yanayouza visu hivi. Fundi amefua pamoja vyuma viwili, 1095 na 15N20. Ule wa pili una nikeli karibu asilimia 2, kwa hiyo bapa likichovywa kwenye asidi ili mistari ionekane, huo hubaki mweupe wakati 1095 inageuka nyeusi. Ukitaka kujua kama umeuziwa Dameski ya kweli, tazama mgongo: mistari ya ubavuni lazima ivuke juu yake na kuendelea upande wa pili. Kama imeishia pembeni, na mgongo haukukwanguliwa upya baada ya asidi, huenda hapo pana mchoro tu juu ya chuma cha kawaida.

Hapa kuna kasoro moja, na ndiyo iliyonifanya nitoe nyota nne badala ya tano. Shingoni, bapa linapokutana na mpini, kuna mikwaruzo ya kukingama ya mkanda wa msasa. Asidi haifichi mkwaruzo, inauanika. Hutokea fundi akiruka daraja, tuseme kutoka msasa namba 120 moja kwa moja hadi 400, na shingoni ndiko mkono unakofika kwa shida. Kwa hiyo, ukiagiza, omba picha ya bapa likiwa limefika namba 600 kabla halijaingia kwenye asidi. Baada ya hapo umechelewa.

Kuchovya kwenyewe kumefanyika vizuri. Ukipitisha ukucha unahisi vibonde ilivyochimba asidi, na hilo ni muhimu kuliko weusi unaouona kwenye picha. Kuni husugua weusi wa juu mapema, hasa begani ambapo bapa huanza kukonda, lakini ulio ndani ya vibonde unabaki. Bapa lililochovywa juujuu huwa jeupe lote. Ubaya wake ni kwamba vibonde hushika mafuta ya nyama, basi osha kwa brashi.

Fundi amenoa mwisho kabisa, nyuzi 20 kila upande, na amekwangua mgongo upya ukawa na kona kali. Wengine husahau haya mawili. Asidi hula makali, na mgongo ulioviringika hautoi cheche kwenye kijiti cha chuma kinachokwanguliwa kuwashia moto. Ndiyo maana bapa lililozungushwa na mawe kwenye pipa, ingawa linaficha mikwaruzo kuliko Dameski, sikulichagua: mawe hulainisha kona hiyo.

Wasiopenda kufutafuta kisu wachukue chuma cha pua. Nikeli ya 15N20 haizuii kutu, na 1095 inashika kutu upesi sana. Hiki nakifuta, nakipaka mafuta ya madini, kisha nakihifadhi nje ya ala, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuurudisha kwenye chuma.

Weusi ukififia, si lazima ukirudishe kwa fundi. Futa grisi yote kwa asetoni, maana alama ya kidole inatosha kuacha doa. Koroga kahawa ya unga wa kuyeyuka iwe nzito kupita ya kunywa, iache ipoe, simamisha kisu humo usiku kucha na kahawa iishie chini ya mpini. Asubuhi suuza, kausha, kisha pitisha msasa namba 2000 uliofungwa kwenye kibao kigumu, taratibu, ili uguse matuta tu. Ukiushika kwa kidole utazama kwenye vibonde na kufuta ulichokipata.