Jioni ya ngoma Ndere Centre, Kampala: unalipia nini, utazame nini

Tiketi ya Ndere Centre, barabara ya Ntinda–Kisaasi, inakupa ngoma za karibu kila pembe ya Uganda usiku mmoja, tena pamoja na maelezo. Kwetu, maelezo ndiyo yanayoipa thamani yake. Stephen Rwangyezi, aliyeanzisha kikundi cha Ndere mwaka 1984, ndiye aliyeifanya kazi ya mshereheshaji kuwa sehemu ya onyesho: kabla ngoma haijaanza unaambiwa inatoka kwa nani, huchezwa lini na kwa nini, na utani wa makabila unapita katikati bila kumuumiza mtu.

Rwangyezi ni mfano wa kiongozi wa taasisi ya jamii aliyetokea kwenye sanaa, na hilo linaonekana katika namna kazi yake ilivyopangwa. Vijana wenye kipaji waliokosa karo huingizwa kikundini. Wanacheza, wanasoma, na mapato ya jukwaa yanasaidia masomo yao. Kikundi pia kimetumia maigizo vijijini kufundisha mambo ya afya na maendeleo. Taasisi nyingi huomba fedha kwanza ndipo zitafute la kufanya. Hapa kazi yenyewe ndiyo inayouzwa, na mnunuzi anaiona kwa macho yake ikiwa imefanywa vizuri au vibaya. Sisi tunauona mpango huu kuwa wa heshima kuliko kuonyesha picha za watoto wenye shida.

Sasa, ili ufaidi, jua pa kuelekeza macho. Katika bakisimba ya Waganda watu hutazama kiuno tu. Tazama na miguu. Hatua ni fupi mno, mabega yametulia, na ngozi ya mbuzi iliyofungwa kiunoni ndiyo inayokuonyesha kama mapigo yamelingana. Sikiliza jinsi kasi inavyopanda kuelekea nankasa, mtindo wa haraka zaidi, ngoma ndefu ya engalabi inapoingia. Engalabi kwa jadi huwambwa ngozi ya kenge, na ngozi yoyote hulegea kwenye unyevu, kwa hiyo usishangae ukiona ngoma zinaota jua au moto kabla ya kazi.

Runyege ya Bunyoro na Tooro ni ya miguu ya wanaume, waliofungwa njuga za ebinyege kwenye mashavu ya miguu. Mmoja akichelewa hata kidogo unasikia makelele badala ya mdundo, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kupima kama kikundi kimefanya mazoezi. Larakaraka ya Waacholi hupigwa kwa vibuyu vilivyokatwa nusu na spoku za baiskeli. Agwara, tarumbeta ndefu za Nile Magharibi, zina sharti gumu zaidi: kila moja hutoa noti yake tu, hivyo mpigaji akikosea wimbo unabaki na pengo. Ekitaguriro ya Ankole haihitaji kuelezwa sana. Mikono iliyoinuliwa ni pembe za ng'ombe. Mabinti wanaocheza huku vyungu vikiongezwa kimoja juu ya kingine kichwani hushangiliwa kuliko wote, na wanastahili.

Tukipata nafasi ya kusikiliza kitu kimoja tu, tungechagua amadinda. Ni marimba ya vibao 12 vilivyolazwa juu ya magogo ya mgomba, na wapigaji ni watatu. Wawili hupishana, kila mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake, na wa tatu hushughulikia vibao viwili vya sauti ya juu. Sikio linasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Kaa karibu, maana ukiwa nyuma ala za sauti ndogo kama endingidi na akogo humezwa na ngoma.

Upungufu upo, nao unatokana na mpango wenyewe. Ngoma kama bwola, ya heshima ya machifu wa Acholi, inahitaji muda na duara kubwa. Ikikatwa iwe ya dakika chache jukwaani unapata sura yake bila uzito wake. Anayetaka kujifunza kwa undani aichukue jioni hii kama utangulizi.

Maonyesho kwa kawaida ni Jumatano, Ijumaa na Jumapili jioni, ila piga simu kwanza kuhakikisha saa na bei, kwani wageni wa nje hutozwa tofauti na wenyeji. Onyesho huchukua kama saa tatu. Ukiwa na watoto wa shule, Ijumaa ni afadhali kuliko Jumapili. Fika mapema ule kabla halijaanza. Beba sweta, na kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba jiandae kwa mvua. Teksi za Ntinda (yaani matatu au daladala) zinakufikisha karibu, kisha boda boda. Ya kurudi panga mapema, kwani usiku bei hupanda.

Na kama kadodi, ngoma ya tohara ya Bagisu, ndiyo iliyokugusa, subiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili uende Mutoto, karibu na Mbale, imbalu, yaani msimu wa tohara wa Bagisu, inapozinduliwa. Huko utaisikia ngoma hiyo barabarani, pamoja na watu wanaoimiliki.