TAHADHARI: Matela ya mtumba yenye matairi mapya na ekseli iliyopotoka yanauzwa Arusha na Moshi

Ninawatahadharisha wenye kampuni ndogo za utalii, wakulima na wafanyabiashara wanaotafuta tela la mtumba la kuvutwa na pikapu au Land Cruiser. Yupo muuzaji anayeonyesha matela yake kando ya barabara kuu, mara upande wa Arusha, mara upande wa Moshi. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yetu yako polisi na bado yanashughulikiwa. Isitoshe, mbinu anayoitumia inaweza kuigwa na yeyote mwenye rangi ya kupulizia na mashine ya kuchomelea, kwa hiyo kumjua yeye peke yake hakutoshi.

Matela hayo huonekana safi: rangi mpya, taa zote zinawaka, sakafu ya mbao imebadilishwa, na matairi ni mapya kabisa. Mtego uko kwenye matairi. Mnunuzi hufurahi akiamini kwamba amepunguziwa gharama, kumbe tairi la zamani ndilo shahidi wa namna ekseli ilivyokuwa ikitembea, na muuzaji amemwondoa shahidi huyo kabla mnunuzi hajafika. Ukimwomba akuonyeshe matairi yaliyotolewa, atakuambia kuwa yameshatupwa au yamechukuliwa na watengeneza kandambili.

Anachokificha ni hiki. Tairi lililoliwa mabega yote mawili na kubaki zima katikati lilikuwa na upepo mdogo, au tela lilizidishiwa mzigo. Lililoliwa katikati tu lilijazwa upepo kupita kiasi. Hayo si makosa makubwa na hayamzuii mtu kununua. Tairi lililoliwa upande mmoja tu, hasa upande wa ndani, huwa linasema kwamba gurudumu limelala kwa sababu ekseli imepinda. Ukipitisha kiganja juu ya kashata za tairi na kuhisi laini ukienda upande mmoja lakini kama msumeno ukirudi, ujue magurudumu hayatazami mbele sawasawa, na tairi linaburuzwa kidogo kwa kila mzunguko. Tairi lenye mabonde-mabonde kuzunguka duara lote hutokana mara nyingi na beringi zilizolegea au gurudumu lisilo na mizani. Kipara kimoja kilichokaa mahali pamoja, huku sehemu nyingine za tairi zikiwa nzima, ni alama ya breki iliyowahi kukamata gurudumu likaburuzwa juu ya lami.

Tela lililonunuliwa na ofisi yetu kwa ajili ya kubebea mahema na vyombo vya kupikia lilianza kula matairi upande wa ndani kabla msimu haujaisha. Fundi tuliyemtafuta wenyewe alipokwangua rangi chini, alikuta ekseli haikuwa ya tela. Ilikatwa kutoka kwenye gari bovu, ikapunguzwa urefu na kuunganishwa katikati kwa kuchomelewa bila kunyooshwa, na joto la kuchomelea lilikuwa limeivuta. Vishikizo vya springi navyo vilichomelewa kwa kukisia, upande mmoja ukiwa mbele kuliko mwingine, kiasi kwamba tela lilitembea kiubavu nyuma ya gari bila dereva kulitambua.

Upande wa breki ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Mengi ya matela haya hutoka Ulaya na yana breki za kusukumwa, yaani gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma kwa nyuma, fimbo ya kwenye kiungo cha kuvutia hurudi ndani, na waya huvuta breki za magurudumu. Tela lililokaa muda mrefu bila kutumika huota kutu ndani ya ngoma za breki na ndani ya ala za waya, hivyo breki ikishakamata hairudi kirahisi. Kufungua ngoma, kusafisha na kubadilisha waya ni kazi ya gharama. Badala yake, muuzaji hukaza nati za kurekebishia breki mpaka viatu vya breki vinakaribia kugusa ngoma wakati wote, ili ukijaribu tela likiwa tupu pale uwanjani uone kwamba breki ni kali. Breki ya namna hiyo haina nafasi ya kupumua. Ikiburuza kwa kilomita kadhaa, ngoma hupata moto, grisi huyeyuka na kupita kwenye sili hadi kwenye viatu, na tangu hapo upande mmoja huweza kukamata ghafla huku mwingine ukiteleza. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, ambako tela hulisukuma gari karibu muda wote, kasoro hiyo inaweza kulipindua tela pamoja na gari.

Ukirudi kulalamika, muuzaji hakatai kukupokea. Atasema kwa upole kwamba ni barabara za kokoto ndizo zilizokula matairi, kisha atakuelekeza kwa fundi wake. Fundi huyo hatapima ekseli. Atakuuzia jozi nyingine ya matairi, na kuhusu breki atakushauri zifunguliwe waya kabisa ili zisikusumbue. Usikubali ushauri huo hata kama ni wa bure, kwa maana tela lenye mzigo na lisilo na breki litalisukuma gari lako siku utakapolazimika kusimama ghafla. Matairi anayouza nayo yaangaliwe vizuri. Tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya kiwanda ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Vilevile kuna fahirisi ya mzigo, yaani namba inayoonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na 104 ni kilo 900. Tulikuta matairi ya gari dogo la abiria kwenye tela lililotangazwa kuwa la mizigo mizito.

Kabla hujatoa fedha, nenda na futikamba na fundi ambaye muuzaji hamjui. Pimeni kutoka katikati ya kiungo cha kuvutia hadi ncha ya ekseli ya kushoto, kisha hadi ya kulia. Tofauti ya milimita tatu au nne inavumilika, lakini sentimita nzima haivumiliki. Inueni kila gurudumu kwa jeki, mlizungushe kwa mkono na kulitikisa juu na chini, halafu kwangueni rangi katikati ya ekseli bila kuona haya, kwani anayekataza kukwangua ameshajibu swali. Mwisho livuteni likiwa na mzigo juu ya lami kwa kilomita kumi hivi, bila kukanyaga breki ovyo, kisha sogezeni mgongo wa mkono karibu na kila ngoma bila kuigusa. Upande ulio na joto kali kuliko mwenzake una breki inayoburuza au beringi inayokufa.

Jambo jingine linahusu karatasi. Muuzaji huyu hupenda kukusainisha maelezo kwamba umekagua tela na kuridhika. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, lakini mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo andikeni ni nini hasa kilichokaguliwa na muuzaji amethibitisha nini kuhusu ekseli na breki, dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), na linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi ya usajili.

Waliokwisha kununua kwake wanaweza kupeleka malalamiko polisi au Tume ya Ushindani, FCC. Pigeni picha za ekseli iliyokwanguliwa rangi, na matairi yaliyoliwa yabaki kwenu, kwa sababu fundi wake hujitolea kuyachukua kama sehemu ya malipo.