Mashine za pesa Unguja na Pemba: ipi ya kuingiza kadi, ipi ya kuipita

Anayeshuka boti bandari ya Malindi, Unguja, akiwa na kadi tu mfukoni hatalala njaa. Mjini mashine za kutolea pesa zimejaa, Visa na Mastercard zinakubaliwa, na lugha ya Kiswahili ipo kwenye skrini kwa anayeitaka. Ila kwa usalama mashine hizi zimepishana sana, na kinachozipambanua ni pahala zilipowekwa kuliko benki inayozimiliki.

Alama za juu tunazipa zilizo ndani ya ukumbi wa benki, au kwenye kibanda kilichoshikana na tawi lenye mlinzi. Mwizi wa kadi anahitaji dakika chache za faragha abandike kifaa chake cha kunakili kadi, kisha arudi kukibandua. Mbele ya mlinzi na foleni ya watu kazi hiyo humshinda. Tena kadi ikimezwa saa nne asubuhi, unaingia ndani na kitambulisho chako unaongea na mtu. Ikimezwa Jumamosi jioni kwenye mashine ya peke yake huko Paje au Nungwi, hesabu kwamba siku mbili hizi huna kadi, na kama ni ya benki ngeni huenda usirudishiwe kabisa.

Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume unapata alama za kati. Taa zipo na watu wapo, lakini msafiri ana mizigo, amechoka, na madereva wanamwita. Toa pesa ya teksi na ya siku ya kwanza, basi. Za vichochoroni Mji Mkongwe ni nzuri mchana, mbaya usiku. Zile zilizosimamishwa pembeni ya duka au hoteli, pahala ambapo hakuna anayezitazama siku nzima, ziwe akiba ya dharura.

Kabla kadi haijaingia, kagua kwa mkono, macho peke yake hayatoshi. Shika mdomo wa kuingizia kadi, ile plastiki inayowaka taa, uutikise kulia na kushoto. Mdomo halisi umefungwa kwa ndani, haubanduki. Wa bandia umegandishwa kwa gundi juu ya ule wa asili: utacheza, au utaona ufa mwembamba ubavuni, au mshale wa kuonyesha upande wa kadi umefunikwa nusu. Kisha bonyeza ukingo wa vibonyezo vya namba. Vya bandia hukaa juu kidogo ya uso wa mashine na aghlabu huwa vizito kubonyeza. Kamera nayo ni kitundu cha kupita sindano, kwenye kipande cha plastiki juu ya skrini au kwenye kisanduku cha vipeperushi ubavuni, kikielekea namba.

Vipo vifaa vyembamba vinavyosukumwa ndani kabisa ya koo la mashine, na hivyo hutaviona hata utikise vipi. Hapo kinachokulinda ni kiganja. Kifaa kile kinanakili mkanda mweusi wa nyuma ya kadi, ambao taarifa zake hazibadiliki. Bila namba ya siri, nakala hiyo haitoi pesa mashineni. Kwa hiyo funika vibonyezo kwa mkono wa pili kuanzia namba ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama uko peke yako kibandani, kwa sababu kamera haihitaji mtu nyuma yako. Chipu haidurufiki kwa njia hiyo, maana hutengeneza msimbo mpya kila muamala. Ndiyo sababu nakala za mkanda hupelekwa kutumika nchi au mashine ambazo bado zinasoma mkanda, pengine wiki kadhaa baada ya safari, wewe umeshasahau hata ulitolea wapi.

Hila ya kunasa kadi haina elektroniki yoyote. Kipande cha utando mwembamba kinatiwa mdomoni, kadi inaingia na haitoki. Anatokea mtu mwenye huruma: “Jaribu tena namba ya siri, ndugu yangu, na mimi ilinifanyia hivi jana.” Unaandika, yeye anasoma. Ukienda kulalamika, anaivuta kadi na kuondoka nayo. Usiandike namba mara ya pili, usiondoke mbele ya mashine, na piga simu benki yako hapo hapo kufunga kadi. Namba ya simu ya benki imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi imo ndani ya mashine. Namba hiyo iweke kwenye simu kabla ya safari. Namba iliyobandikwa kwa stika kwenye mashine usiipige.

Noti zenyewe pia zinaweza kunaswa. Ukisikia mashine inahesabu kisha hakuna kinachotoka, papasa sehemu ya kutolea pesa uone kama kuna kifuniko kilichobandikwa juu yake. Kama hakuna, huenda ni mtandao au umeme umekatika katikati ya muamala, jambo ambalo visiwani si geni. Usirudie papo hapo. Subiri skrini irudi mwanzo, angalia salio kwenye simu, hifadhi risiti, na kama haikutoka andika saa, kiasi na tawi. Malalamiko yanapelekwa kwa benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine. Wenye mashine watakuambia hivyo hivyo.

Kuhusu kiasi: noti yetu kubwa ni ya 10,000, na mashine nyingi hukomea noti 40 kwa mara moja, yaani shilingi 400,000. Kadi ya nje hukatwa ada kila unapotoa, hivyo kutoa 50,000 mara nne ni kujitia hasara na kuipitisha kadi mdomoni mara nne. Ila noti 40 ni bunda linaloonekana mfukoni. Zigawe ndani ya kibanda kabla ya kufungua mlango, na usizihesabu tena ukiwa sokoni Darajani. Ndugu wanaokuja na kadi za Omani au Uingereza, mashine ikiuliza kama ikukate kwa sarafu ya kwenu, kataa, chagua shilingi. Kiwango cha kubadilishia cha mashine kwa kawaida ni kibovu kuliko cha benki yako.

Pochi za kuzuia kadi isisomwe kwa mawimbi ya redio, zinazouzwa kwa wasafiri, hatuzipendekezi. Hazina zinalolizuia mashineni, kwa kuwa kadi unaitoa mwenyewe na kuiingiza.

Pemba mambo ni machache. Tegemea Chake Chake, na ukielekea kaskazini upande wa Kigomasha uwe umeshatoa pesa. Mkesha wa Idi na siku za mishahara mashine hukauka, visiwa vyote viwili, hivyo wahi siku mbili kabla. Mawakala wa pesa za simu wapo hadi vijijini na kwao hakuna mkanda wa kunakiliwa. Cha kuchunga ni kuandika namba ya siri mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwako, na kulisoma jina la wakala kabla ya kuthibitisha.

Kabla ya kuondoka nyumbani, washa ujumbe wa kila muamala, punguza kikomo cha kutoa kwa siku, na kama programu ya benki yako inaruhusu, funga kadi ukishatoa na uifungue pale tu unapoihitaji. Ukirudi, badilisha namba ya siri na uangalie taarifa ya akaunti kwa miezi miwili, hasa makato madogo usiyoyatambua. Wezi hujaribu kwa kidogo kwanza.