Stardew Valley kwenye simu: mapitio ya mtu wa masijala

Nianze na lililo baya: kuvua samaki kwenye simu ni mateso. Kile kipau cha kukimbizana na samaki ni kidogo, kidole chako kinafunika nusu ya kioo, na basi la kwenda Mtumba, hapa Dodoma, likiruka tuta, samaki kaenda zake. Kama unaitaka gemu hii kwa ajili ya uvuvi, kaa na hela yako. Mimi niliinunua kwa ajili ya kilimo, nikanogewa na watu wake.

Kwa asiyeijua, Stardew Valley ni kazi ya mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani, ambaye hata michoro na muziki alitengeneza mwenyewe. Ilitoka kwenye kompyuta Februari 2016, ikafika kwenye Android mwaka 2019. Unarithi shamba la babu yako, unahamia kijiji cha Pelican Town, unalima, unafuga, unazoeana na wenyeji. Bei ni karibu dola 5, unalipa mara moja, haina matangazo, na ukishaipakua haikudai bando. Kiswahili haina. Zabibu zipo, ila zinapandwa msimu wa tatu tu wa mwaka. Mgogo wa Dodoma anayevuna zabibu mara mbili kwa mwaka atawaonea huruma wakulima wa huko.

Mashabiki wake wana mjadala usioisha: nani kijijini pale ana usonji, au tuseme ubongo unaofanya kazi kwa namna yake? Gemu yenyewe haimtaji mtu. Iko tofauti na gemu ya Overwatch, ambako mhusika Symmetra alithibitishwa kuwa na usonji mwaka 2017, pale mkuu wa gemu hiyo, Jeff Kaplan, alipomjibu shabiki kwa barua. Huku Pelican Town unaachiwa uangalie mwenyewe, na watu wameangalia kwelikweli. Wapo wanaomtaja Harvey, daktari mwenye wasiwasi anayetengeneza ndege ndogo za mfano. Wengine humtaja Sebastian. Mimi wangu ni Demetrius.

Demetrius ni mwanasayansi, mume wa Robin, fundi seremala. Kuna siku unaingia kwao unakuta wanabishana kama nyanya ni tunda au mboga. Demetrius hatoki kwenye sayansi: ni tunda. Robin keshachoka. Halafu wewe mgeni, umesimama na jembe lako, unaulizwa useme. Wachezaji wengi wanamwona Demetrius kituko, na nadhani hata mwandishi alitaka tucheke.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtunza kumbukumbu; nashinda na majalada. Kikaoni mkubwa mmoja alitaja jalada kwa namba isiyo yake, nikamkatiza nikaitaja iliyo sahihi pamoja na folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Chumba kizima kimya. Kisha mmoja akasema, “Haya, dada kaanza.” Namba ilikuwa ileile niliyoitaja mimi, lakini hakuna aliyejali namba. Kwa hiyo nilipoulizwa habari ya nyanya nilibonyeza tunda bila kufikiri. Na kinachonifurahisha ni kwamba Robin hamkimbii mumewe kwa ubishi huo. Ijumaa jioni nenda baa ya kijiji, utawakuta wote wawili.

Sebastian ni mtoto wa Robin, Demetrius ni baba yake wa kambo. Anaishi chumba cha chini ya nyumba, anaandika programu za kompyuta, anapenda mvua. Kuna tukio anafanya kazi, mama yake anakuja kumwambia rafiki yake alipita; Sebastian anauliza kama huyo rafiki aliambiwa kwamba yeye yuko kazini, kisha analalamika kwamba kazi yake haichukuliwi kama kazi. Hapo nilitamani kumpa mkono.

Lakini yeye na Demetrius hawapikiki chungu kimoja, na hili mashabiki wanalipita haraka mno. Wanawaweka kundi moja, kana kwamba wenye bongo za aina hiyo wakikaa nyumba moja wataelewana tu. Mimi na kaka yangu, kama kuna mtu wa kutupima, atatupima wote pamoja. Yeye redio ikiwashwa anatoka nje. Mimi bila redio usingizi hauji. Nyumba yetu ya Nkuhungu ilikuwa na ugomvi kila usiku, na kila mmoja alikuwa na haki.

Kingine kinachotuvuta watu wa aina hii ni ratiba. Kila mwanakijiji ana njia yake, kwa siku ya juma na hali ya hewa. Mwanzoni duka la Pierre halifunguliwi Jumatano, na wachezaji wapya wanalaani. Mimi naipenda Jumatano hiyo kwa sababu haibadiliki. Salamu ni mguso mmoja. Huulizwi za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, na ukipita bila kusalimia hakuna anayekwenda kumwambia shangazi yako kwamba umeanza kujisikia.

Ninapogombana nayo ni kwenye zawadi. Urafiki unapanda kwa kumpa mtu anachokipenda, kwa kawaida si zaidi ya mara mbili kwa juma, na ukikariri orodha umemaliza. Harvey mpe kahawa au mvinyo, mioyo, ndicho kipimo cha urafiki, inajaa. Ukiolewa na Sebastian ndiyo basi: anakuja shambani na pikipiki yake, maneno yanakuwa yaleyale, na yule mtu mgumu uliyemsubiri misimu mizima hayupo tena. Mimi nimemwacha kwao, tunaongea mvua ikinyesha.

Mengine ni madogo. Maandishi yanaumiza macho kwenye simu ya kioo kidogo, na chaji inakwenda. Siku moja ya mle ndani ni kama dakika 14, ila kwenye simu gemu inajihifadhi yenyewe hata ukitoka katikati ya siku. Kwa hiyo hata ukipita Ihumwa, karibu na Mtumba, asubuhi anza tu siku mpya. Mtumba utafika hujamwagilia hata nusu ya shamba, utaendelea palepale ulipoachia.