OSF: pa kusajili utafiti kabla hujagusa data

Wadau wa saikolojia hapa Iringa, natumia OSF (Open Science Framework) kwa utafiti wangu wa msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa bweni na naomba niisifie maana inastahili. Ni tovuti ya bure ya Center for Open Science, wale wa Charlottesville kule Marekani walioanza 2013, akaunti unafungua kwa imeili tu.

Utamu wake uko kwenye kusajili. Kabla hujapeleka dodoso shuleni unajaza fomu, nadharia tete yako ni ipi, utahoji wangapi, utaacha kukusanya lini, majibu gani utayatupa na kwa nini, utachambua kwa hesabu gani. Ukishatuma inapigwa tarehe na haifutiki kimya kimya, ukirekebisha baadae ile ya kwanza bado inaonekana, na hata ukiuondoa usajili wote inabaki alama kuwa ulikuwepo. Unaogopa kuibiwa wazo? Unauficha hadi miaka 4.

Nakazia hivi kwa sababu mwaka 2015 kundi la Brian Nosek, mwanasaikolojia mwanzilishi mwenza wa hiyo Center for Open Science, lilitoa majibu ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa kwenye majarida yanayoheshimika, za mwanzo asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito kitakwimu, zilivyorudiwa asilimia 36 tu! Na si lazima mtu awe mwongo jamani, ukiwa na dodoso la maswali mengi utazungusha data mpaka p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ishuke chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka, halafu unaandika kama vile ndicho ulichokitafuta toka mwanzo. Huku kwetu si kuna wale wanaochambulia watu data kwa SPSS, programu ya takwimu, kwenye stationery, unampa flashi kabla hajaifungua anakuuliza "unataka itoke nini?" Hilo swali linaniuma sana, maana mwisho wa siku kuna mwalimu wa malezi atashauri watoto kwa kutumia hayo majibu.

Kasoro ipo. Hakuna anayekagua kama umefuata ulichosajili, msomaji lazima afungue alinganishe mwenyewe. Majarida yanayopitisha mpango wako kabla ya matokeo, kama jarida la Cortex walivyoanza 2013, yanabana zaidi. Halafu fomu ni Kiingereza na ile kubwa ni ndefu kweli, mwanafunzi wa digrii ya kwanza chukua ile fupi ya AsPredicted, ipo humo humo.

Nyota 4 kati ya 5. Masupavaiza wangu, ombeni kiungo cha usajili kabla hamjamruhusu mtu aende fildi. Mimi changu nimekiweka sura ya tatu, juu kabisa ya sampuli, mtahini akitaka afungue.